Simba na Pendo Watabaki na Nani? Jibu kwa Msomaji wa Isinya

Swali: "Daktari, mimi ni mama niliyestaafu kazi hapo Nairobi na kuhamia shambani, kilomita chache kutoka Isinya, Kajiado. Nina mbwa wawili. Simba ni dume la miaka tisa. Ndiye mlinzi wa boma, na humeza dawa ya kifafa asubuhi na jioni. Pendo ni jike wa mwaka mmoja na miezi miwili, na hajafungwa kizazi. Baada ya wiki nane nitakwenda Eldoret kwa wiki tatu kumwangalia binti yangu atakapojifungua. Mahali pa kulaza mbwa ninapopajua pako Karen na Lang'ata, na Simba akipanda gari hutapika na kutetemeka njia nzima. Majirani wameniambia watanitupia jicho, lakini sina amani. Nitafute mtu wa namna gani, nimwandae vipi, na je, ni afadhali niwapeleke tu Nairobi?"

Jibu: Mama, Mungu amjalie binti yako ajifungue salama. Umeuliza ukiwa bado na wiki nane, na huo ni muda wa kutosha kulifanya jambo hili vizuri. Wengi hunipigia simu wakiwa wameshakata tiketi ya kesho yake, na hapo ninayoweza kuwaambia huwa ni machache.

Nianze na majirani. Sina shaka kwamba nia yao ni njema, lakini kutupia jicho ni fadhila, na anayekufanyia fadhila hapangiwi saa, haulizwi hesabu wala hakaripiwi akisahau. Mbwa mwenye afya anaweza kuvumilia mpango wa namna hiyo kwa siku mbili tatu. Simba hawezi. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, ambao mengine yote yanautegemea, ni kwamba uifanye hii iwe kazi kamili, yenye malipo yaliyotajwa, saa zinazojulikana, na ruhusa ya mwangalizi kutumia pesa na kumwita daktari bila kukungoja upokee simu.

Kuhusu malipo, uliza kibarua wa shamba hulipwa kiasi gani kwa siku katika eneo lenu. Atakayekuja mara mbili kwa siku asipate chini ya nusu ya kiasi hicho, na atakayelala bomani apate cha siku nzima. Mpe sehemu unapoondoka, sehemu kwa M-Pesa kila mwisho wa wiki, na iliyobaki ukirudi. Pesa za unga, omena na dawa zitenganishwe na ujira wake, kwa sababu mtu anayenunua chakula cha mbwa kutoka mfukoni mwake ataanza kupunguza kipimo kabla hajaanza kulalamika. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 haidai mkataba wa maandishi kwa kazi isiyofikia miezi mitatu, lakini mimi ningeandika ukurasa mmoja na kuutia sahihi sisi sote wawili, si kwa kuogopa mahakama, bali kwa sababu mambo mengi yaliyosahauliwa hukumbukwa pale tu mtu anapoambiwa ayaandike.

Sasa, mtu mwenyewe. Watu wengi hutafuta anayependa mbwa, na hilo ni zuri, ila silitangulizi. Shambani, ambako jirani wa karibu anaweza kuwa nusu kilomita na gari la daktari likachukua saa nzima kufika, sifa ninayoitanguliza ni kwamba mtu huyo yupo. Mtafute ambaye siku zake tayari zimefungwa mahali hapo: kijana anayekamulia majirani maziwa alfajiri, mlinzi wa shule aliyestaafu, mama wa chama chenu ambaye watoto wake wamekua, au mfanyakazi wa shamba la jirani ambaye mwajiri wake atakubali alale kwako kwa wiki tatu. Kijana hodari mwenye mapenzi makubwa na mbwa, lakini anayekimbizana na vibarua vya Kitengela leo na vya Namanga kesho, atakuangusha Jumapili moja mvua ikinyesha, na wala hatakuwa amekusudia.

Pa kuulizia ni hapo hapo mlipo. Mwenye duka la dawa za mifugo anajua nani hununua dawa za minyoo kabla mnyama hajakonda na nani huja mnyama akiwa amelala chini. Afisa wa mifugo anayezunguka eneo lenu anajua ni boma lipi lenye mbwa waliochanjwa. Waulize hao mmoja mmoja, kwa faragha. Usitangaze kwenye kundi la WhatsApp la kanisa wala la chama kwamba utakuwa Eldoret kuanzia tarehe fulani, kwa maana tangazo la kutafuta mwangalizi wa mbwa ni tangazo pia kwamba nyumba haitakuwa na mwenyewe, na wezi wanaolisha mbwa nyama yenye sumu kabla ya kuvunja huanza kwa kujua ratiba.

Kuna jambo la adabu ambalo halipaswi kusahauliwa. Ikiwa unayemfikiria ni Mwislamu, muulize waziwazi lakini kwa heshima kama ataridhia kazi inayomgusisha na mate ya mbwa, kwa kuwa dini yake ina utaratibu wa twahara, yaani usafi wa ibada, kuhusu hilo. Wapo watakaokubali mradi wawe na vyombo vyao, maji na nafasi ya kujisafisha kabla ya swala, na wapo watakaokataa. Usimweke mtu mahali ambapo kukataa kunamwia vigumu. Ndivyo ilivyo pia kwa anayeogopa mbwa tangu utotoni. Woga huo hautoki kwa kuambiwa "haumi huyu".

Ukishapata majina mawili au matatu, mwalike kila mmoja aje kwa chai, usimwambie kwamba ni usaili. Mtazame langoni. Anayeifahamu kazi atasimama ng'ambo ya lango, ataita, atangoja uje; Simba akibweka hatamkodolea macho wala kumfokea. Akiingia atageuka upande kidogo, mikono ikiwa chini, amwache mbwa amnuse apendavyo, na mazungumzo yenu yaendelee kana kwamba mbwa hayupo. Anayenitia wasiwasi ni yule anayeinama mara moja kumpapasa mbwa kichwani ili kukuonyesha kwamba wanaelewana. Kisha, chai ikiendelea, muulize: "Simba akikataa kula tangu asubuhi hadi jioni, utafanyaje?" Ukisikia "atakula tu njaa ikimuuma", mshukuru, mmalizie chai. Ukisikia "nitakupigia", endelea naye. Hata kama hajui jina la ugonjwa hata mmoja, huyo anafundishika.

Kwa hali ya Simba ningependelea mtu wa kulala. Kifafa cha mbwa hupenda kumshika akiwa amepumzika au amelala, na mara nyingi ni usiku. Tena upande wenu fisi na chui wapo. Hifadhi ya Taifa ya Nairobi haina ua upande wake wa kusini, na wanyama hutoka kuelekea nyanda za Kitengela na kwingineko. Chui hamwoni mbwa kama mlinzi bali kama chakula. Mbwa aliyeanguka kwa kifafa uani saa nane za usiku, bila mtu, yuko hatarini mara mbili. Kwa wiki hizo tatu Simba na alale ndani, kwenye banda lenye mlango au kwenye varanda iliyofungwa, hata kama miaka yote amezoea kuzunguka. Ulinzi wa kelele atautoa akiwa humo humo.

Dawa ndiyo roho ya kazi yenyewe, nami nitakaa hapo kidogo. Hukutaja jina lake, lakini mbwa wengi wa kifafa nchini hutumia fenobabitoni, na kama ndiyo anayotumia Simba, fahamu kwamba hatari kubwa zaidi ya safari yako haiko kwa nyoka wala kwa wezi. Iko kwenye kidonge kilichosahauliwa mara kadhaa mfululizo. Mwili uliozoea dawa hiyo ukikatiziwa ghafla unaweza kuingia katika kifafa kisichokoma. Hupewa kila baada ya saa kumi na mbili, na hapa saa zetu zinatusaidia: saa moja asubuhi na saa moja jioni, jua likichomoza na jua likizama, hata mtu asiye na saa hapotei.

Usimwachie mwangalizi kopo la vidonge. Kaa mezani ukate vipande vya karatasi, funga kila kipimo peke yake, na uandike juu yake tarehe na "asubuhi" au "jioni". Kwa siku 21 utapata pakiti 42. Ongeza 10 za akiba, kwa sababu mtoto hazaliwi kwa kalenda ya bibi yake. Zipange kwenye boksi kwa mfuatano, na ubandike kalenda ukutani ambayo mwangalizi ataitia alama kila akimpa. Kwa utaratibu huu, kosa likitokea litaonekana siku hiyo hiyo: pakiti ya jana jioni bado ipo. Mweleze pia kwamba kidonge kilichosahaulika hutolewa mara kinapokumbukwa, lakini vipimo viwili havitolewi pamoja ili kufidia. Nunua dawa yote mapema, kwa kuwa inadhibitiwa kisheria, inahitaji maandishi ya daktari, na si kila duka la dawa huwa nayo. Mwache Simba apate maji wakati wote, ndoo mbili ikibidi, maana dawa hii huongeza kiu, njaa na mkojo. Mwangalizi asiyelijua hilo anaweza kumpunguzia maji ili varanda isilowe.

Namna ya kumpa uifanye mbele yake kisha umwachie afanye. Finyanga tonge la ugali lililopoa, dogo kiasi cha kumezwa bila kutafunwa, ufiche kidonge katikati pamoja na kipande cha omena. Mpe kwanza tonge tupu, kisha lenye dawa, na mara moja tonge la tatu, tupu pia. Mbwa anayeliona la tatu mkononi hulimeza la pili bila kulichunguza. Halafu msubiri kwa dakika chache, uangalie sakafu. Mbwa mzee mjanja huhifadhi kidonge shavuni na kukitema nyuma ya banda.

Akishikwa na kifafa, mwangalizi aondoe vitu vinavyoweza kumwumiza, asimshike, asimtie kijiko wala kidole mdomoni, na aangalie saa. Mshtuko wa dakika moja au mbili ambao mbwa huamka kutoka humo akiyumba na kuhangaika ni wa kuripoti kwako. Ukipita dakika 5, au akishikwa mara mbili au zaidi ndani ya saa 24, huo ni wa kumwita daktari papo hapo.

Lipo jambo ambalo pengine hujalifikiria, nami limenitia wasiwasi tangu niliposoma swali lako. Mbwa anayetoa povu mdomoni na kutupa miguu huku na huku, akionwa na mpita njia asiyemjua, ataitwa mbwa mwenye kichaa, na huko mashambani mbwa mwenye kichaa huuawa kwa mawe au panga kabla hujamaliza sentensi. Watu hao si wakatili. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu hakina tiba, na nchi yetu imejiwekea mkakati wa mwaka 2014 hadi 2030 wa kukitokomeza, ikianza na kaunti kama Machakos, Makueni na Kitui, ambazo haziko mbali na kwenu. Kwa hiyo nenda mwenyewe kwa majirani wa karibu na kwa wachungaji wanaopitisha mifugo kando ya ua wako, uwaeleze kwamba Simba ana kifafa, kwamba amechanjwa, na kwamba akianguka mtu wa kuitwa ni fulani. Watakuelewa, kwa sababu karibu kila ukoo una mtu aliyewahi kuanguka kifafa. Nakala ya kadi ya chanjo iwe kwa mwangalizi, na nyingine kwa jirani mmoja. Hapo ndipo wale majirani wa kutupia jicho watakapokufaa zaidi kuliko wanavyodhani.

Chanjo yenyewe hurudiwa kila mwaka. Ikiwa ya Simba au ya Pendo imepita muda au inakaribia, wachanjwe wiki hii, ili ibaki zaidi ya mwezi kabla hujaondoka. Na mwangalizi ajue bila kubabaika: akiumwa au akikwaruzwa kwa meno na mbwa yeyote, hata Simba mwenye kadi, anaosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha anakwenda hospitali siku hiyo hiyo. Gharama hiyo ni yako, na uiandike kwenye ule ukurasa wenu.

Kuhusu kupe nina onyo moja mahususi. Vidonge vipya vya kupe vya kundi la isoksazolini, ambavyo hulinda kwa mwezi mmoja au hata mitatu, ni vizuri sana kwa mbwa wengi, na huenda mtu akakushauri umpe kila mmoja kabla ya safari. Pendo anaweza kupewa. Kwa Simba usivitumie bila daktari anayejua historia yake, kwa sababu mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitahadharisha kwamba kundi hilo linaweza kuleta mtetemeko na kifafa kwa baadhi ya mbwa. Mkataze mwangalizi, kwa maneno yasiyo na shaka, kuwapaka mbwa dawa ya kuogeshea ng'ombe au kuwachoma sindano ya ng'ombe iliyobaki. Atafanya hivyo kwa wema kabisa akiona kupe, na hilo ndilo linaloniogopesha. Badala yake mfundishe kukagua kila jioni ndani ya masikio, kwapani na katikati ya vidole, na kutambua dalili za homa ya kupe: mbwa analegea, anakataa chakula, ufizi unapauka, mkojo unakuwa mwekundu au rangi ya kahawa. Akiona mkojo wa namna hiyo asingoje asubuhi.

Pendo ana shida nyingine. Kwa umri wake anaweza kuingia kwenye joto wakati wowote, na akiingia wewe ukiwa Eldoret, madume ya kila boma yatahamia langoni kwako kwa wiki mbili au tatu, Simba atapigana nayo, na baada ya siku 63 hivi utakuwa na watoto wa mbwa ambao hukuwapanga. Una wiki nane. Mfunge kizazi sasa. Kidonda hupona kwa siku 10 hadi 14, kwa hiyo hata ukichelewa wiki mbili bado unao muda wa kutosha. Kliniki ya wanyama wadogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi iko Kabete, na madaktari binafsi wanaofanya upasuaji huo wapo pia upande wa Kitengela. Popote utakapokwenda, hakikisha anayemhudumia amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo, kama sheria ya mwaka 2011 inavyotaka. Usione haya kumwomba akuonyeshe cheti.

Chakula kisibadilike hata kidogo. Kama wanakula ugali na omena, waendelee na ugali na omena, katika sufuria zile zile na saa zile zile. Huu si wakati wa kununua chakula cha gunia ili kumrahisishia mwangalizi. Unga uwe ule unaokula wewe. Wapo wanaoamini kwamba mahindi yaliyoota kuvu, ambayo mtu hawezi kuyala, yanafaa kupikiwa mbwa. Sumu ya aflatoksini huharibu ini la mbwa haraka, na ukanda wa mashariki yenu unaikumbuka vizuri, kwani mwaka 2004 watu 317 waliugua na 125 wakafa katika Makueni, Kitui na maeneo ya jirani kwa kula mahindi yaliyoharibika. Mifupa ya kuku iliyopikwa isitolewe. Na ikitokea jirani amechinja mbuzi, mapafu na maini mabichi yenye vifuko vya maji yasirushiwe mbwa, hata kama ni ukarimu. Vifuko hivyo hubeba tegu mdogo ambaye mbwa humrudishia binadamu kupitia kinyesi, naye humwotesha vifuko vya namna hiyo hiyo ndani ya ini lake. Kajiado ni miongoni mwa maeneo ya wafugaji ambako ugonjwa huu upo. Wape mbwa wote wawili dawa ya minyoo yenye prazikwanteli siku chache kabla ya kuondoka.

Yaliyobaki ya hatari nitayataja kwa ufupi. Swila akimtemea mbwa machoni, huoshwa kwa maji safi mengi, kwa dakika 15 au zaidi, kisha daktari. Akiumwa na nyoka, asifungwe kamba wala kuchanjwa kwa wembe; abebwe, asitembezwe. Mbwa anayetiririsha mate, kutetemeka na kuharisha ghafla amekula sumu mpaka ithibitike vinginevyo, na maziwa hayamtibu. Panadol na Brufen ni za binadamu, hazimhusu mbwa hata akichechemea.

Sasa namna ya kuwazoesha. Kanuni yangu ni kwamba siku unayoondoka lisiwepo jambo lolote ambalo mbwa hawajawahi kuliona, isipokuwa kutokuwepo kwako. Wiki nne kabla, mwangalizi awe anakuja saa moja jioni kuwalisha ukiwa umesimama kando. Wiki inayofuata awalishe na kumpa Simba dawa ukiwa ndani ya nyumba. Kisha alale usiku mmoja nawe ukiwepo. Halafu nenda Nairobi ulale usiku mmoja kwa ndugu au rafiki, wiki nyingine ulale mbili, na uitumie safari hiyo kuona mambo mawili: kama ile kalenda imetiwa alama kwa saa zake, na kama simu yake ilipatikana. Ukikuta hesabu ya pakiti haitimii, bado unazo siku za kumfundisha upya au kumbadilisha, na hutakuwa unalifanya hilo kwa simu kutoka wodi ya wazazi.

Mwandikie maneno ambayo mbwa wako wameyazoea, kama unavyoyatamka. Mbwa aliyeambiwa "kaa" miaka tisa hataelewa akiamriwa kwa Kimaasai au Kiingereza, na mwangalizi atamdhania mkaidi. Mwelekeze pia utaratibu wa lango usiku: aite jina la mbwa kabla ya kugusa komeo. Kitambaa ulichokwisha kuvaa kibaki kwenye matandiko yao. Mnyororo wa mchana kutwa sikubaliani nao. Mbwa mwenye kifafa aliyefungwa anaweza kujinyonga nao akianguka. Kama hapana budi kumzuia wageni wakija, afungiwe bandani kwa muda huo.

Kwa mawasiliano, kubalianeni juu ya ujumbe mmoja kila jioni, wenye picha ya kalenda na ya mbwa wote wawili wakiwa wamesimama. Mnunulie muda wa maongezi, na uhakikishe anapo pa kuchaji simu. Wewe nawe usimpigie mara sita kwa siku. Mtu anayepigiwa hivyo huanza kukuambia kila kitu kiko sawa ili apumzike. Zungumza na daktari wa eneo lenu kabla ya kuondoka, mkubaliane kwamba atamhudumia mbwa kwa simu ya mwangalizi na kwamba utamlipa kwa M-Pesa, na umwachie kiasi cha kuanzia ikiwezekana. Kisha mwambie mwangalizi kiwango anachoweza kukitumia bila kukuuliza, ukitaje kwa shilingi. Na litajeni jambo gumu mapema: ikiwa Simba, kwa umri wake, atafikia hali ambayo daktari anasema anateseka tu, nani ataamua, na azikwe wapi. Ni afadhali uliseme sasa ukiwa umeketi, kuliko mwangalizi alibebe peke yake usiku.

Umeniuliza kama ni afadhali uwapeleke Nairobi. Kwa Simba, la. Mbwa wa miaka tisa mwenye kifafa, anayetetemeka garini, kumweka kati ya mbwa ishirini wanaobweka ni kumtafutia kifafa. Pendo angeweza, mradi awe na chanjo zote na uwe umepakagua mahali penyewe kwa macho yako, lakini kuwatenganisha sioni faida yake. Ikiwa wiki mbili kabla ya safari bado hujampata mtu unayemwamini na dawa, ningejaribu kumwomba ndugu au mpwa kutoka Nairobi ahamie kwako kwa wiki hizo tatu, nauli na chakula juu yako, na kijana wa hapo amsaidie kwa kazi za nje. Na hilo nalo likishindikana, muulize daktari anayemtibu Simba kama kliniki yake inaweza kumlaza kwa ujira, ili anayempokea awe tayari anamjua. Aende huko kwa safari moja fupi ya gari, asubuhi, akiwa hajala chakula lakini amekwisha kupewa dawa yake.